Nyumba ya viziwi haina ukimya

Mwandishi, katika makala yako kuhusu wachoraji waliolelewa na viziwi, hapo uliposema mtoto anayesikia katika nyumba ya viziwi hukulia kwenye ukimya, sikubali. Nimelelewa Malindi na wazazi viziwi, na kwetu kulikuwa na kelele kuliko kwa majirani: meza inapigwa kofi ili mtu ageuke, sakafu inakanyagwa kwa kishindo, sufuria zinagongana bila anayejali. Mchoraji yeyote aliyetoka nyumba kama hiyo amefunzwa kutazama. Nyusi zikipanda, umeulizwa swali. Taa ikizimika, mazungumzo yamekatika. Ndiyo sababu mwanga na mikono hujaa kwenye picha zake.

Mwaka 1989 wasanii viziwi, akina Betty G. Miller na Chuck Baird, walikutana Chuo Kikuu cha Gallaudet, Washington, wakatoa tamko la sanaa yao, De'VIA: rangi kali, macho na mikono iliyokuzwa. Hata mtoto anayesikia wa wazazi viziwi walimpa nafasi humo.

Ninachokitamani kuona kimechorwa ni mtoto akimtafsiria mama yake mbele ya daktari, habari nzito kupita umri wake. Wengi wetu tumeyabeba hayo.

Katiba ya 2010 imeifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi ya Bunge. Basi kaunti yetu ya Kilifi nayo ipeleke maonyesho ya picha za wachoraji kama hao katika shule ya viziwi ya Kibarani, na wanaozichagua wawe viziwi wenyewe.