Mkoba wa Paris na Kikapu cha Tunduma

Hapa Tunduma kila kitu hupita. Hupita shaba ya Zambia na ya Kongo ikienda bandarini Dar es Salaam, hupita mafuta na mbolea zikienda kusini. Hupita pia marobota ya mikoba ya kina mama yenye majina makubwa ya Paris na Milano, na mkoba mmoja waweza kuupata kwa bei ya debe moja au mawili ya mahindi. Muuzaji ajua kwamba jina lile ni la uongo, na mnunuzi ajua. Walakini jina ndilo liuzalo. Kikapu cha ukindu kilicho hatua tatu kutoka hapo, kilichosukwa na mama wa nchi hii, chaachwa kwa wabeba vitunguu.

Yafaa wanachama wajue majina hayo yalipata vipi heshima. Mkoba unaosifiwa kuliko yote duniani huitwa Birkin, na hutengenezwa na kampuni ya Hermès ya Ufaransa. Kampuni hiyo haikuanzishwa na mabwana wakubwa. Thierry Hermès, aliyefungua karakana yake Paris mwaka 1837, alikuwa fundi wa kushona hatamu za farasi. Hata leo mafundi wake hushona kwa mkono kama walivyoshona matandiko zamani: sindano mbili, uzi wa kitani uliopakwa nta, fundi mmoja akiukamilisha mkoba mmoja. Kwetu mtu wa kazi hiyo twamwita fundi viatu, tena twamwita kwa kumpigia mluzi.

Na huyo Birkin ni nani? Jane Birkin, aliyefariki mwaka 2023, alikuwa Mwingereza mwigizaji na mwimbaji aliyeishi Ufaransa, na watu walimjua kwa jambo moja la ajabu: popote alipokwenda, hata kwenye karamu za matajiri, alichukua kikapu. Ndiyo, ndugu msomaji, kikapu cha kusukwa, kutoka Ureno! Miaka ya 1980, ndani ya ndege, alimlalamikia mkuu wa Hermès, Jean-Louis Dumas, kwamba hapati mkoba wa kumtosha mama mwenye mtoto. Wakachora umbo lake juu ya mfuko wa kutapikia. Mkoba wake wa kwanza aliutumia mpaka ukachubuka, kikata kucha kikining'inia ndani yake, kisha mwaka 1994 akautoa uuzwe kuchangia vita dhidi ya Ukimwi. Julai 2025 mkoba huo huo mkuukuu uliuzwa mnadani Paris kwa Yuro milioni 8.6.

Kwa hiyo mkoba wa matajiri babu yake ni kikapu, na sisi wenye vikapu twavionea haya. Hiyo ndiyo kasumba tunayoisema.

Tena si kikapu tu. Mwaka 2017 mkoba mmoja wa Birkin wenye almasi uliuzwa Hong Kong kwa zaidi ya dola 370,000. Ngozi yake ilikuwa ya mamba wa Afrika, aina ile ile aishiye katika Ziwa Rukwa, ambalo maji yake yanagusa mkoa wetu wa Songwe. Hatusemi watu wakimbilie ziwani na mikuki. Mamba analindwa na sheria, na ng'ombe wanatutosha. Lakini tazameni machinjio yetu. Ngozi hutobolewa na kisu cha mchunaji asiyefundishwa, ubavuni imeunguzwa kwa chapa, kisha hutupwa au huuzwa kwa bei ya kutupa. Hapo hatuwezi kumsingizia mkoloni.

Wako watakaosema dawa ni kuwazuia kina dada wasichukue mikoba hiyo. Hapana. Operesheni Vijana, iliyoanza kutekelezwa Dar es Salaam Januari 1969, iliwaandama kina dada kwa sketi fupi na mawigi, na fundi cherehani hakupata faida yoyote. Hatutaki kijana yeyote wa Chama asimame stendi kupekua mkoba wa mama wa mtu.

Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, Juni 1, 2019, vikapu vilirudi sokoni kwa heshima. Mahitaji yalikuwapo. Lakini upesi ikaja mifuko mingine ya kiwandani, na wasukaji hawakuwa wamejipanga kuwahi soko. Wenzetu wa Iringa wamejipanga: vikapu vyao vya milulu vinavuka bahari na kuuzwa Ulaya.

Sisi twataka mambo mawili. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, iliyosimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, iwafikie pia wasukaji na washona ngozi wa Mbozi, Momba, Ileje na Songwe, wala isiishie kwa wauza bidhaa za kutoka nje peke yao. La pili, kila semina na kila mkutano wa Chama wajumbe hugawiwa mikoba ya makaratasi yao, nayo hununuliwa kwa fedha za wanachama. Mkutano wa wilaya ukiitishwa, kabla ya ajenda ya kwanza, tutamwomba Ndugu Katibu atuambie mikoba hiyo imeshonwa na nani, na wapi.