UKITOKA OFISINI, ACHA NENO LA KWELI NYUMA YAKO



Ndugu yangu uliyeajiriwa, uwe mwalimu, muuguzi, karani au mtendaji wa kijiji, leo tuzungumzie jambo ambalo wengi tunaliona dogo: neno unaloliacha unapoondoka kazini.

Wenye kompyuta hutega jibu linalojituma lenyewe kwa kila aliyewaandikia barua pepe: "Sipo ofisini." Huku kwetu Mishamo tunabandika karatasi mlangoni: "NIMETOKA KIDOGO." Kidogo ya tangu lini? Unarudi saa ngapi? Karatasi haisemi.

Sasa mfikirie mzee aliyetoka kijiji cha mbali, kalipa bodaboda, kaikuta karatasi hiyo. Tunajua Mishamo ilivyo. Makazi haya yalifunguliwa mwaka 1978 kwa ndugu zetu waliokimbia mauaji ya Burundi ya 1972, na wengi wao walianza kukabidhiwa vyeti vya uraia wa Tanzania mwaka 2014. Mtu aliyeitwa mkimbizi kwa miaka zaidi ya thelathini anajua uzito wa mhuri na saini. Ukimrudisha nyumbani bila neno, umemla siku yake na nauli yake. Hiyo ni haki ya mja, na haki ya mja utaulizwa.

Angalia Mitume walivyoondoka. Nabii Musa (a.s.) alipokwenda kwenye miadi na Mola wake, alimwachia nduguye Harun kazi na kumpa maelekezo (Suratul A'raf, aya ya 142). Mtume wetu (s.a.w.) alipohama Makka, huku watu wanataka kumuua, alimwacha Ali (r.a.) arudishe amana za watu. Hatari ile haikumsahaulisha vitu vya wenyewe. Wewe unakwenda likizo tu, unashindwaje kusema faili la mtu liko kwa nani?

Basi zingatia mambo manne:

1. SEMA KWELI. Usiandike "nipo kikaoni" nawe uko shambani. Uongo ulioandikwa unaendelea kusema uongo hata ukiwa umelala.

2. TAJA SIKU YA KURUDI, kisha sema insha Allah. Suratul Kahf, aya ya 23 na 24, inatufundisha tusiahidi la kesho bila kulifungamanisha na matakwa ya Allah. Lakini "insha Allah" isiwe pazia la kufichia ahadi usiyokusudia kuitimiza.

3. TAJA ANAYESHIKA NAFASI YAKO, na yeye mwenyewe awe anajua! Wapo wanaoandika jina la mwenzao, naye hana habari wala ufunguo wa kabati.

4. USIJIONYESHE. Kama unakwenda Hija, "nipo safarini" inatosha. Ibada yako usiifanye tangazo kwa kila anayekuletea ankara.

Utaniambia: "Sheikh, namba yangu wanayo." Je, simu ikizima? Je, asiye na vocha? Kalamu na karatasi unazo. Andika tarehe, andika jina.

Wala sisemi ujibu simu za kazi usiku na mchana. Likizo ni haki yako, sheria ya kazi ya Tanzania inampa mfanyakazi siku 28 kwa mwaka, na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa mwili una haki juu yetu, na watu wa nyumbani wana haki. Pumzika. Lakini neno la kweli mlangoni ndilo linalokupa mapumziko ya halali, kwa kuwa hakuna mtu anayekungoja juani akinung'unika.

Nabii Sulayman (a.s.) alipowakagua ndege alimkosa hud-hud, akataka hoja iliyo wazi ya kutokuwepo kwake. Ikiwa ndege aliulizwa, mimi na wewe tunaolipwa mshahara tutaachwa?

Kesho kabla hujafunga mlango, isome karatasi yako kwa macho ya yule aliyetoka mbali.

Allah atujaalie kuwa waaminifu katika kazi zetu. Aamiin.

Wabillahi tawfiiq. Mfikishie na mwenzako.