HESABU ZA SAFARI: Mwanza hadi Mbeya kwa Ndege



Mwanao anasoma Mbeya. Umepata habari kwamba anaumwa. Ndugu wamekuchangia nauli ya ndege. Je, utafika baada ya saa ngapi? Chukua kalamu tupige hesabu.

Kwenye ramani, toka uwanja wa Mwanza moja kwa moja hadi uwanja wa Songwe, Mbeya, ni kama kilomita 720. Tuseme ndege inakwenda kilomita 600 kwa saa. Utafika kwa saa 1 na dakika 12.

Lakini mara nyingi ndege hupitia Dar es Salaam. Mwanza hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 850. Dar es Salaam hadi Songwe ni kama kilomita 690. Jumlisha: 850 + 690 = 1,540. Njia imezidi mara mbili! Angani pekee ni zaidi ya saa 2 na nusu. Ongeza muda wa kusubiri ndege ya pili.

Tena, ndege haianzii kijijini. Ukitoka Ukerewe, kwanza uvuke ziwa.

Basi, kabla ya kulipa, uliza: Ndege inapita wapi? Nitasubiri muda gani? Nitafika saa ngapi?

Soma tiketi vizuri. 07:00 si saa saba, ni saa moja asubuhi. Ukikosea, utakuta ndege imekwisha ondoka, na mgonjwa anakungoja.