Njaa, panga na uchawi: anzia hapa kama hujawahi kusoma manga

"Wewe na utu uzima wako, bado unasoma katuni?" Swali hili naulizwa kila ninapokutwa na kitabu cha manga mkononi, na mara nyingi anayeuliza ametoka kutazama tamthilia ya Kituruki sehemu ya mia na ushee. Haya, bado nasoma. Na leo nataka kukuvuta na wewe ambaye hujawahi kushika hata kimoja, kupitia hadithi ya panga na uchawi iliyonichekesha kuliko zote: Dungeon Meshi, kazi ya mwanamama Mjapani Ryoko Kui. Hiyo "meshi" ni wali, lakini Wajapani huitumia kumaanisha mlo wowote, kama sisi tunavyosema tunakwenda kula ugali hata kama mezani kuna ndizi.

Kisa chenyewe. Laios na wenzake wako chini kabisa ya magofu yaliyojaa mazimwi, wanapigana na joka jekundu, na wanashindwa kwa sababu ya aibu: wana njaa. Joka linammeza Falin, mdogo wake Laios, ambaye kabla ya kumezwa anawahi kutumia uchawi kuwatoa wenzake nje salama. Wanajikuta juu ya ardhi bila mizigo wala hela. Wawili wanaacha kazi hapo hapo. Sasa, katika dunia ile mtu akifia ndani ya magofu anaweza kufufuliwa, ila mwili uwepo. Ukishasagika tumboni mwa joka, basi tena. Bahati yao ni kwamba joka hulala sana na tumbo lake hufanya kazi polepole. Hakuna muda wa kutafuta pesa ya chakula, kwa hiyo Laios anatoa wazo: tushuke hivi hivi, tutakula mazimwi njiani.

Wazo la dharura, utasema. Kumbe jamaa alikuwa na hamu ya kuyaonja siku zote!

Hapo kicheko kinaanza, na anayekibeba ni Marcille, mchawi msomi wa kabila la masikio marefu. Ana miiko ya chakula chungu nzima. Kama umewahi kumwona mtu wa Dar akitengewa sahani ya senene wa Bukoba kwa mara ya kwanza, basi uso wa Marcille unaujua. Anapiga kelele, anaapa hatagusa, harufu inamfikia, anaonja, ananyamaza, anaongeza. Chakula cha kwanza ni supu ya nge mkubwa na uyoga unaotembea, na angeiharibu Laios kama asingetokea Senshi, kibeti mwenye ndevu ambaye ametumia zaidi ya miaka kumi kujifunza kupika viumbe wa humo. Senshi hana masihara jikoni. Analima mboga juu ya migongo ya majitu ya udongo, na mbolea anaitoa kwenye vyoo vya humo humo magofuni anavyovisafisha mwenyewe.

Nimtaje na Chilchuck, mfungua makufuli na mtegua mitego. Umbo la mtoto, lakini mtu mzima kabisa, na analipwa kabla ya safari kuanza. Mimi ninayelipwa kwa stori, tena baada ya kukumbushia mara tatu, nilimwonea wivu mpaka nikafunga kitabu kidogo.

Sasa niseme kwa nini naona kazi hii imezizidi nyingi za aina yake. Mashujaa wa hadithi hizi hupigana siku tatu mfululizo na huoni wanakula nini. Kui hakubali. Kila zimwi kwake lina mwili, lina mahali pa kuishi, lina anachokula na anayelila. Deraya zinazotembea zenyewe, ambazo kila mtu anaamini zinaendeshwa kwa uchawi, Laios anagundua ndani yake mna viumbe kama konokono wa baharini wanaoishi kwa kundi. Unacheka, halafu unaona kwamba ni maelezo yenye mantiki. Na kwa kuwa njaa yao ni ya kweli, hofu ya kumkosa Falin nayo inakuwa ya kweli. Utani hauipunguzi.

Kuna sehemu moja ninayoirudia. Kundi linakutana na maoki, watu wanaochukiwa na kila mtu huko juu. Marcille na chifu wao wanagombana vikali kuhusu nani alimnyang'anya mwenzake ardhi na nani alianza kuua. Ugomvi wote huo unafanyika huku wakikanda unga wa mkate pamoja, maana Senshi ameshawapa kazi na mkate hausubiri. Hakuna anayeshinda hoja. Mkate unaiva, wanakula.

Kasoro zipo. Juzuu la kwanza linaweza kukuonekea kama orodha ya mapishi tu, na mbele kidogo wahusika wanazidi mpaka unarudi nyuma kutafuta huyu ni nani. Vumilia mpaka juzuu la nne, joka linapopatikana. Baada ya hapo hadithi inageuka kuwa nzito kuliko ulivyotegemea, na siongezi neno.

Majuzuu yako 14 na hadithi imekwisha: ilitoka katika jarida la Harta kuanzia 2014 hadi 2023, na kwa Kiingereza imechapishwa na Yen Press tangu 2017. Katuni ya runinga ya studio ya Trigger ilitoka Netflix mwaka 2024, vipande 24. Ni nzuri, lakini vipande hivyo havifiki mwisho wa hadithi, kwa hiyo mimi nakushauri uanze na vitabu. Vinasomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Waliopita madrasa hawatapata taabu. Wengine mtazoea kabla ya supu ya nge kuiva. Ila usisome usiku wa manane kama nyumbani hakuna kitu. Mimi niliishia kukaanga mayai saa nane usiku, na kitunguu sikuwa nacho.