Nani Hajui Kusoma?

Neno la Kiingereza "illiterate" hufasiriwa kwetu kuwa asiyejua kusoma na kuandika. Asili yake ni Kilatini: "littera" ni herufi, na "illitteratus" ni asiye na herufi. Lakini herufi za nani? Katika Ulaya ya zama za kati, msomi alikuwa yule ajuaye Kilatini. Mtu aliweza kuisoma lugha ya mamaye, na bado akaitwa asiye na herufi.

Mizani hiyo ilitufikia hadi pwani. Utendi wa Tambuka uliandikwa Pate mwaka 1728, kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, kabla shule hazijatuletea herufi za Kilatini. Vipi basi bibi aandikaye barua zake kwa herufi hizo ahesabiwe mjinga, kwa kuwa tu hakuingia skuli? Mwaka 1958 UNESCO ilimtaja ajuaye kusoma na kuandika kuwa ni yule awezaye, kwa kuelewa, kusoma na kuandika maelezo mafupi mepesi kuhusu maisha yake ya kila siku. Haikushurutisha herufi za taifa lolote.

Hata hivyo, maneno hayo mawili, "kwa kuelewa", yanatuhukumu na sisi walimu wa madrasa. Mtoto atamkaye kila herufi kwa ufasaha, asifahamu alisomalo wala asiweze kuandika habari za siku yake, bado hajasoma. Tuwatetee wazee wetu, na tusiwadanganye watoto wetu.