Mpelelezi Akivaa Kofia ya Waziri



Katika kikao cha tawi letu ndugu mmoja wa karakana alisimama akauliza: "Mtu aliyekuwa mkuu wa polisi wa siri akija kutuomba kura, tumtazame kwa jicho gani?" Wengine walisema mtu wa namna hiyo anafaa sana, maana aijua nchi ndani na nje. Wengine walisema asikaribishwe hata mlangoni. Kelele zikawa nyingi, saa ikatukuta, tukatawanyika bila jibu. Sisi tumeona tulijibu swali hilo hapa, si kwa kumtaja mtu wa kwetu, ila kwa kuyatazama maisha ya mtu mmoja wa Korea Kusini ambaye amekwisha kufa, na habari zake zajulikana tangu mwanzo hata mwisho. Jina lake Bwana Kim Jong-pil.

Bwana Kim alizaliwa mwaka 1926. Alikuwa askari, na kazi yake jeshini ilikuwa upelelezi. Mke wake alikuwa binti wa kaka yake Jenerali Park Chung-hee. Tarehe 16 Mei 1961 hao wawili pamoja na askari wenzao waliipindua Serikali iliyochaguliwa na watu. Mwezi uliofuata Bwana Kim akaanzisha idara ya upelelezi ya nchi, naye akawa mkuu wake wa kwanza. Umri wake ulikuwa miaka 35 tu.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo habari inapotugusa sisi. Askari walipotwaa nchi walivunja vyama vya wafanya kazi. Kisha, mwezi wa Agosti mwaka uo huo, vyama vikaundwa upya chini ya shirikisho moja, na idara ya Bwana Kim ndiyo iliyosimamia kazi hiyo na kuwachagua watu wa kuiongoza. Kwa nje hakikupungua kitu: jina lilikuwapo, muhuri ulikuwapo, na ada ililipwa. Lakini chama ambacho viongozi wake wamewekwa na polisi wa siri ni kama taa ya reli isiyo na mafuta. Yaning'inia mahali pake, lakini dereva haoni kitu.

Matunda yake yalionekana. Katika soko moja la nguo mjini Seoul wasichana wadogo walishona kutwa na hata usiku, katika vyumba visivyo na hewa, na siku za kupumzika zilikuwa chache mno. Kijana mmoja mkata nguo, Jeon Tae-il, alisoma sheria ya kazi akaona ya kuwa haki zao zimeandikwa. Alipeleka malalamiko kwa wakuu wa mambo ya kazi, asisaidiwe. Tarehe 13 Novemba 1970 alijitia moto mbele ya watu, akipiga kelele ya kwamba wafanya kazi si mashini. Alikufa akiwa na umri wa miaka 22. Shirikisho lilikuwa na umri wa miaka 9, na kijana huyu hakuwa na mlango wa kubisha.

Mtu atasema Bwana Kim hakuwa mkuu wa idara tena mwaka huo. Ni kweli, aliiacha mwaka 1963 akaingia katika siasa. Lakini aliyepanda mbegu hawezi kuyakana mavuno. Tena alipokuwa Waziri Mkuu, tangu Juni 1971 hata Desemba 1975, mambo hayakulegea. Mwisho wa 1971 ilipitishwa sheria iliyowanyang'anya wafanya kazi haki ya kupatana na matajiri na haki ya kugoma. Mwaka 1973 idara ile ilimkamata mpinzani Kim Dae-jung katika hoteli mjini Tokyo na kumchukua kwa nguvu, na Waziri Mkuu akalazimika kwenda Japani kuomba radhi. Mwezi wa Aprili 1975 watu 8 walinyongwa chini ya siku moja baada ya mahakama ya juu kuthibitisha hukumu yao. Mwaka 2007 mahakama ikasema hawakuwa na hatia. Wajane wao walikuwa wamengoja miaka 32.

Haki ni haki, na upande wa pili lazima usemwe. Bwana Kim ndiye aliyepatana na Japani mwaka 1962, na mapatano ya 1965 yaliiletea Korea zawadi ya dola milioni 300 na mkopo wa dola milioni 200. Sehemu ya fedha hizo ilijenga kiwanda cha chuma cha Pohang, na watu wengi walipata kazi. Lakini wazee waliolazimishwa kufanya kazi katika migodi na viwanda vya Japani walilalamika miaka mingi ya kwamba jasho lao limeuzwa, wala wao hawakuulizwa.

Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Mwaka 1979 Rais Park alipigwa risasi na mkuu wa idara ile ile. Mwaka 1980 jenerali mwingine, Chun Doo-hwan, naye mkuu wa upelelezi wa jeshi, akamtia Bwana Kim ndani, akamshtaki kwa mali ya magendo na kumkataza siasa.

Ni nani aliyemfungulia mlango tena? Si jenerali. Mwaka 1987 watu walijaa barabarani wakidai kura, na baadaye viwanda vikagoma nchi nzima. Kwa uhuru huo Bwana Kim akasimama kugombea urais, akawa wa nne. Mwaka 1998 akawa Waziri Mkuu mara ya pili, na Rais aliyemchagua alikuwa Kim Dae-jung, yule yule aliyetekwa Tokyo! Uhuru uliomrudisha kitini uliletwa na watu wa namna ile ambao idara yake iliwafuata usiku na mchana. Alikufa Juni 2018, umri miaka 92. Serikali ikampa nishani kubwa, na wengi wakanung'unika.

Msiseme Korea ni mbali. Hapa petu Makhan Singh alikamatwa mwaka 1950 kwa ajili ya kazi ya vyama, akafungiwa mbali mpaka 1961. Na shirikisho letu lilipoundwa mwaka 1965, Rais wa nchi ndiye aliyepewa kuchagua Katibu Mkuu katika majina matatu. Tena kila mmoja wetu amewahi kumjua mtu aliyepeleka maneno ya mkutano ofisini kabla ya chai ya asubuhi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Basi jibu letu kwa ndugu wa karakana ni hili. Tusimkatae mtu kwa kuwa alikula mshahara wa upelelezi. Lakini kazi ile humfundisha mtu kuficha, na kazi ya kuongoza ni kutoa hesabu mbele ya watu. Kwa hiyo akija, tumwulize: Ulipokuwa na faili zetu mkononi, ulizitumia kwa faida ya nani? Walioumizwa umewaambia nini? Akijibu wazi, tumsikilize. Akicheka na kugawa soda, tumejibiwa.

Na sisi tuanze nyumbani. Viongozi wa tawi wachaguliwe na wanachama mkutanoni, na daftari la fedha lisomwe kwa sauti. Mahali penye taa, mpelelezi hana kazi.

Umoja ni nguvu.