Dawa Imetolewa Dukani, Lakini Iliyo Kwenye Tope Je?

Juni 2025 serikali ilitangaza kuziondoa sokoni dawa 77 za kuulia wadudu na magugu, na nyingine 202 zikawekewa masharti. Bodi ya PCPB ilikuwa ikizipitia dawa 430, na 151 zilibaki zikingojea uamuzi. Ni habari njema, ingawa imechukua miaka 6 tangu Gladys Boss Shollei apeleke ombi Bungeni mwaka 2019 kutaka zile za hatari zipigwe marufuku.

Lakini marufuku hukomesha kuuza tu. Haiondoi kilichokwisha kumwagwa. Na sisi tulio mwisho wa mito, swali letu liko hapo.

Watu wengi hudhani dawa zote ni sawa: ukipuliza leo, mvua ikanyesha kesho, imekwisha. Sivyo. Dawa humalizwa na jua, maji, joto, na zaidi ya vyote vijidudu vya udongoni vinavyoila kidogo kidogo. Sumu ya pareto ikipigwa na jua huharibika kwa saa au siku chache. Ndiyo sababu wanakemia walitengeneza ya bandia inayofanana nayo, kama permethrini na deltamethrini, inayostahimili jua. Dawa iliyotiwa kwenye vyandarua vyetu ni ya ukoo huo, na ndiyo maana twaambiwa tusivifulie mtoni. Samaki huuawa na kiasi kidogo mno.

Upande wa pili iko DDT. Kenya iliipiga marufuku kwenye kilimo mwaka 1986. Utafiti wa wanakemia wa Chuo Kikuu cha Nairobi uliochapishwa mwaka 2002 ulikuta mabaki yake na ya jamaa zake kwenye sampuli za pwani yetu, wakiwemo samaki.

Hapa pana neno la kuliangalia vizuri: kuvunjika. Dawa kuvunjika si kufa. DDT ikivunjika hugeuka DDE, na DDE huishi hata kuliko mama yake. Ni hiyo DDE iliyofanya maganda ya mayai ya ndege walao samaki huko Marekani kuwa membamba, yakawa yapasuka wakiyaatamia. Basi muuzaji akikwambia dawa yake huvunjika haraka, muulize huvunjika ikawa nini.

Wataalamu hupima kwa muda wa sumu kupungua nusu. Ikichukua siku 60, basi baada ya siku 120 robo ingali ipo, na baada ya siku 180 thumni. Mkulima wa nyanya anayepuliza kila wiki haiachii dawa ifike hata hiyo nusu ya kwanza.

Na muda huo haukai mmoja. Chukua klopirifosi, ambayo Mei 2025 nchi za Mkataba wa Stockholm, Kenya ikiwemo, zilikubaliana kuiondoa duniani isipokuwa kwa matumizi machache yaliyoachiwa kwa muda. Shambani hupungua nusu kwa wiki kadhaa hadi miezi michache. Fundi akiimwaga kwa wingi kwenye msingi wa nyumba kuzuia mchwa, chini ya zege pasipo jua, yaweza kukaa miaka. Dawa ni ileile, mahali ndipo palipobadilika.

Sasa tuje kwenye tope. Dawa nyingi zinazodumu hazipendi maji. Hushika chembe za udongo, na udongo ukichukuliwa na mvua huteremka nao. Maji ya Athi hupita mashamba ya bara, yakawa Galana, kisha Sabaki, yakamwagika baharini kaskazini mwa Malindi. Kila masika twaona wenyewe bahari ya Malindi inavyogeuka rangi ya chai ya maziwa. Tope hilo likitua, juu yake hutua jingine. Kule chini jua halifiki na hewa ni haba, na dawa nyingi huchelewa sana kumalizika.

Anayedhani hii ni hofu ya bure aitazame Martinique na Guadeloupe, visiwa vya Karibi vilivyo chini ya Ufaransa. Mwaka 1972 wakulima wa ndizi waliruhusiwa kutumia klodekoni kuulia fukusi wa mgomba. Miaka michache baadaye Marekani iliachana na sumu hiyo, baada ya wafanyakazi wa kiwanda chake kule Hopewell, Virginia, kuugua na uvuvi katika mto James kufungwa. Ufaransa ilingoja hadi 1990, na hata hapo visiwa viliongezewa muda hadi 1993. Udongo wa volkano wa kule umeikamata sumu hiyo, na hukadiriwa kwamba mahali pengine itakaa karne kadhaa. Imeteremka mitoni hadi baharini. Zaidi ya watu wazima 9 kati ya 10 walipimwa wakakutwa nayo kwenye damu, na sehemu za ufuo zimefungwa kwa wavuvi. Mvuvi hakuwahi kulima hata mgomba mmoja, lakini aliyekatazwa kutega dema lake ni yeye.

Kuna na la sahani zetu. Tumezoea kwamba kitu kikiingia najisi, ukikisuuza kwa maji ipasavyo kimetoharika. Dawa nyingine hazina kanuni hiyo. Huingia ndani ya mmea kwa mizizi na majani, zikapanda pamoja na utomvu. Mchicha huo uoshe hata mara saba, iliyo ndani haitoki. Kinachosaidia ni siku zile zilizoandikwa kwenye chupa, za kungoja baina ya kupuliza na kuvuna, na bei ikipanda Kongowea ndizo za kwanza kuibiwa. Mama muuza mboga hana njia ya kujua shamba lilipulizwa lini. Simlaumu.

Kilimo kimegatuliwa, basi kaunti zetu zisijifiche nyuma ya Nairobi. Kwanza, maafisa wapite kwenye maduka ya dawa na stoo za mashamba, wazikusanye zile 77 kabla hazijauzwa vijijini kwa bei ya kutupa au kumwagwa kwenye mfereji. Kuzika shimoni si kuziondoa, kwa maana visima vyetu vya pwani ni vifupi. Pili, Jumuiya ya Kaunti za Pwani itenge pesa, tope na samaki wa midomo ya Sabaki, Tana na Ramisi wapimwe mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na baada yake, na matokeo yabandikwe kwa Kiswahili kwenye kila ofisi ya BMU. Wataalamu wa bahari hatuwaagizi mbali, KMFRI iko hapo Mkomani.

Kamba wa ghuba ya Ungwana hulelewa kwenye tope la mito hiyo miwili, Sabaki na Tana. Tuanze na wao.